Fomu ya maswali 8 inaweza kukamata presha ya macho mapema? Naomba ushauri kabla ya siku yetu ya afya

ChifuKilimani:
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja. Sisi ni kikundi cha watu tuliosoma pamoja, wengi tupo Dodoma mjini, wengine wako Kongwa na Mpwapwa huko, na kila mwaka tunafanya siku ya afya kijijini, mara nyingi ni kupima sukari na presha ya mkono basi. Mwaka huu mwenzetu mmoja wa miaka 49 amepoteza jicho la kushoto kabisa na la kulia nalo linaenda, hospitali wamesema ni presha ya macho, glakoma, na kwamba ilianza zamani sana yeye hajui. Kaka yake mkubwa alipofuka miaka ile na wote tulikuwa tunasema ni uzee au karogwa.

Sasa kikundi kimeamua tupime macho. Hela ya kuleta daktari na mashine hatuna, mwenzetu mmoja anayefanya kazi za takwimu akatengeneza fomu ya maswali 8. Anauliza hivi: una zaidi ya miaka 40? una ndugu wa damu aliyepofuka au mwenye presha ya macho? unaona ukungu? unajikwaa au kugonga vitu vya pembeni? macho yanauma, yanawasha au kutoa machozi? ukiangalia taa unaona duara za rangi? una kisukari au presha ya damu? unatumia miwani? Kila ndio ni pointi moja, ukifika 3 unapewa karatasi uende hospitali, chini ya hapo unaambiwa uko salama.

Mimi inaniingia akilini lakini kuna kitu kinanikwaza sijui ni nini. Wataalamu na wenye uzoefu karibuni, tuna kama wiki chache tu kabla ya siku yenyewe. Naomba kuwasilisha.

Mtu_wa_Watu:
Chifu huo ugonjwa hauna dalili mpaka dakika za mwisho, sasa fomu itamuuliza mtu nini? Tafuteni hela mpime.

ChifuKilimani:
Hela mkuu ndo hamna, ingekuwepo nisingekuja hapa. Na si kwamba fomu ndo itatibu, ni kuchuja tu nani aende.

MachoMawili_Moshi:
Chifu mimi ni optometria, yani mtaalamu wa kupima macho, kazi yangu ndo hii kila siku, ngoja nikusaidie kuona kinachokukwaza. Chukua fomu yako uwapitishie watu watatu.

Wa kwanza baba wa miaka 52, kaka yake kapofuka kwa presha ya macho, haoni tatizo lolote, hana sukari, havai miwani. Pointi ngapi? Mbili. Fomu inamwambia uko salama. Huyo ndo mtu ambaye mimi ningemfuata nyumbani kwake nikamlete kwa mkono!! Wa pili fundi cherehani miaka 44, ana aleji macho yanawasha kila kiangazi, ana miwani ya kutungia uzi. Pointi tatu, nenda hospitali. Wa tatu bibi wa miaka 65 mwenye mtoto wa jicho, anaona ukungu, anajikwaa, taa zinamtawanyikia, ana miwani, ana pointi tano na ndo anaongoza. Bibi kwenda hospitali ni sawa kabisa, mtoto wa jicho unatolewa na anaona tena, ila sio yeye tuliyekuwa tunamtafuta.

Umeona tatizo? Umechanganya maswali ya aina mbili kwenye gunia moja. Kuna maswali ya hatari, yani nani ana uwezekano mkubwa wa kuupata: umri, damu, dawa alizotumia, jicho lililowahi kuumia, miwani ya kuonea mbali yenye namba kubwa. Haya yanafanya kazi hata kabla ugonjwa haujaanza. Afu kuna maswali ya dalili, ukungu, kujikwaa, hayo yanamkamata mtu aliyechelewa. Ukisema unatafuta ugonjwa mapema halafu nusu ya fomu inauliza mambo ya mwisho wa ugonjwa, unajichanganya mwenyewe.

Na kwa nini dalili hazisaidii, hapa naomba msome taratibu maana ndo kiini. Mshipa wa fahamu unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo una nyuzi kama milioni moja na kidogo. Zinakufa chache chache kwa miaka, zinaanzia kuharibu sehemu za pembeni, katikati panabaki pazima, ndo maana mtu anasoma hadi mstari wa chini kabisa wa herufi na bado anaumwa. Na tuna macho mawili, sehemu ambayo hili halioni lile linaona, ubongo unaziba pengo na wewe hujui kama limezibwa. Zile picha za kwenye mabango za mtu anaona kupitia shimo jeusi kama bomba, wagonjwa wengi wala hawaoni hivyo. Kuna utafiti ulifanyika London ukatoka 2013, wagonjwa 50 wa glakoma walionyeshwa picha tofauti wachague inayofanana na wanavyoona, hakuna hata mmoja aliyechagua ile ya bomba jeusi. Wengi walichagua zile zenye sehemu ya ukungu au kitu kinakosekana tu, na kama robo yao walisema hawaoni kasoro yoyote, na hao ni wagonjwa tayari wana faili hospitali! Sasa wewe unamuuliza mtu ambaye hajawahi kupimwa "unaona vizuri pembeni?" atakujibu ndio naona, na hasemi uongo.

Swali la duara za rangi lina kazi yake lakini ni kwa aina nyingine ya glakoma, ile ya ghafla, jicho linauma vibaya, linakuwa jekundu, kichwa, kutapika, taa ina upinde wa mvua. Huyo hajazi fomu, huyo anawahishwa hospitali siku hiyo hiyo. Huku kwetu iliyojaa ni ile ya kimya.

Nitarudi jioni kuhusu dawa, nina wagonjwa.

Babu_Tiba_Asili:
Vijana mnahangaika bure, asali ya nyuki wadogo tone moja asubuhi na jioni, macho yanasafika yenyewe. Mzee wangu ana miaka 80 anasoma gazeti bila miwani.

Neema_wa_Nyegezi:
Babu shikamoo, ila hapo naomba nikupinge maana mimi ndo mgonjwa mwenyewe na hiyo asali niliwekewa na mama mkwe wangu, iliwasha siku nzima na presha ya jicho ilikuwa pale pale. Mzee wako kusoma gazeti haimaanishi hana, kama alivyosema mtaalamu hapo juu katikati panabaki pazima mpaka mwisho.

Chifu mimi nimegundulika nikiwa na miaka 43 na haikuwa kwa sababu ya dalili, nilikuwa nimeshindwa kusoma meseji kwenye simu, nikaenda kutafuta miwani ya kusomea. Bahati nzuri nilienda kliniki ya macho, yule dada akanipima akaangalia ndani ya jicho kwa ile taa akanyamaza, akamwita mwenzake naye akaangalia. Siku ile ile nikapewa rufaa. Kufika huko nikawekwa kwenye ile mashine kama bakuli jeupe, unaweka kidevu unafumba jicho moja, vitaa vidogo vinatokea kila upande kila ukiona unabonyeza kitufe. Nilibonyeza weee nikajua nimefaulu, karatasi ilivyotoka jicho la kulia upande wa juu ni kweusi. Vitaa vyote vile viliwaka na mimi sikuviona wala sikujua kwamba havijaonekana.

Sasa ninachotaka kusema. Kila mtu akifika 40 na kitu anaanza kusogeza simu mbali, ndo mwili ulivyo. Na wengi wetu tunafanya nini? Tunanunua miwani ya machinga stendi, unajaribu tatu nne, ikikubali unalipa unaenda. Ile ndo ingekuwa siku yako ya kuangaliwa jicho na umeipitisha. Mdogo wangu kafanya hivo hivo mpaka nilipomkamata nikampeleka, naye anayo, ila yake imekamatwa bado mapema sana. Tuko watano tumbo moja, wawili tunayo mpaka sasa na mmoja anakataa kwenda.

Kwa hiyo kwenye fomu yenu hilo swali la miwani libadilisheni, ulizeni "miwani yako ulipimwa na nani?" Akisema ya machinga basi hajawahi kuangaliwa, mwandikeni.

Takwimu_Tu:
Neema pole na hongera kwa kumkamata mdogo wako. Hili wazo la miwani ya machinga ni bora kuliko fomu nzima, nimecheka lakini ni kweli.

Nimwongezee Chifu upande wa hesabu. Kwanza kwa taarifa yako hiyo Kongwa yenu ina historia, ni moja ya sehemu chache Afrika Mashariki ambako watafiti walipita vijiji kwa vijiji kupima glakoma, walipima watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 kwenda juu, ripoti ikatoka mwaka 2000, waliokutwa nayo ni kama 4 katika kila 100. Kwa hiyo tuna namba ya nyumbani kabisa hatuhitaji kukopa ya Ulaya.

Sasa tuseme mmepata fomu nzuri, nzuri kuliko hii, inakamata wagonjwa 8 katika 10 na inakosea kwa wazima 2 katika 10. Hizo namba natunga kwa ajili ya mfano. Watu 1,000 wa miaka 40+, wagonjwa 40. Fomu inakamata 32, inawapoteza 8. Wazima ni 960, inawatisha 192. Jumla mnaopeleka hospitali ni 224 na wenye ugonjwa kweli ni 32, yani mmoja katika saba. Kwa siku yenu labda watakuja watu 300 wa umri huo, mnapeleka kama 67 hivi. Swali langu la kwanza lisingekuwa fomu ina maswali mangapi, lingekuwa hao 67 nani anawapokea, wiki gani, nauli ya nani. Kama hujui jibu usigawe fomu.

Na la pili ni wale 8. Hao wameondoka na neno "salama" kutoka kwa kikundi cha watu wanaowaheshimu. Kesho akisikia tangazo la kupima macho atasema mimi nilishapimwa. Kabla ya fomu alikuwa hajui hali yake, baada ya fomu anajua kitu ambacho si kweli. Hilo neno lifutwe.

Ndo maana hata Marekani, kwenye hela na mashine zote, lile jopo lao la wataalamu wa huduma za kinga lilikaa 2013 likakaa tena 2022, mara zote mbili likasema ushahidi haujatosha kupendekeza au kukataa kupima kila mtu mzima asiye na dalili. Kule mnaweza kusema wanajivuta, ila weusi wa kule walishaonekana toka utafiti wa Baltimore kwamba wanaipata mara nne hadi tano kuliko wazungu, kwa hiyo sisi tusijifiche nyuma ya jopo.

Kaka_wa_Leicester:
Takwimu Tu umenikumbusha kitu. Mimi niko Uingereza, huku England wana fomu ya glakoma ambayo haiitwi fomu, ina maswali mawili tu. Una miaka 40 au zaidi? Mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako ana glakoma? Ndio na ndio, unapimwa macho bure kwenye duka lolote la miwani lenye mkataba na NHS, huduma ya afya ya serikali. Ukifika 60 hata hayo hawaulizi, bure. Hawaulizi unaona nini, wanauliza damu yako na umri wako, na ukijibu ndio hakuna cha pointi 3, unaenda tu.

Mimi nilijaza nikaenda kwa sababu ya mama. Macho yangu mazima mpaka sasa, ila kila mwaka naitwa.

ChifuKilimani:
Asee. Kwa hiyo kumbe ningemaliza kwa maswali mawili. Sasa nisaidieni hapa, hilo la damu kijijini linaleta shida, ukimuuliza mtu ndugu yako ana glakoma anasema sijui. Wengi walipofuka hawakupimwa, watu wanajua tu babu fulani alikuwa haoni anaongozwa na fimbo na mjukuu.

MachoMawili_Moshi:
Nimerudi. Chifu hilo swali ni zuri na jibu lake ni kuligeuza. Badala ya kuanza na watu 300 uwaulize kuhusu ndugu zao, anza na wagonjwa mnaowajua. Huyo mwenzenu wa miaka 49 ana kaka, dada, watoto. Kila mgonjwa wa glakoma anayeenda kliniki ana ndugu nyumbani ambao hawajapimwa, na ndugu wa tumbo moja ndo wenye hatari kubwa kuliko wote. Nendeni kwake muandike majina ya ndugu zake wote, mmoja mmoja, mnawapigia, mnawapeleka. Na wale wazee waliopofuka pale kijijini mtafuteni mtaalamu awaangalie hata wawili watatu, akiona mshipa umelika kwa glakoma mnaingia kwenye ukoo ule. Kwa hela yenu ndogo hapo ndo mtapata wagonjwa wengi kuliko kwenye uwanja wa mpira.

Sasa dawa. Fomu yenu haina swali la steroidi, zile dawa kali za kutuliza aleji na uvimbe, na huku kwetu hilo ni lazima. Lakini msiandike "umewahi kutumia steroidi", kila mtu atasema hapana. Wekeni mezani maboksi matupu ya dawa. Dexamethasone, ile wanaita dexa, peke yake au iliyochanganywa na gentamicin. Betamethasone. Hydrocortisone. Muulize "hii umewahi kuweka jichoni, mara ngapi, uliinunua wapi?" Utashangaa. Mtu ana aleji macho mekundu, anaenda duka la dawa anapewa dexa, inapoa ndani ya siku mbili, anaipenda, inakuwa rafiki yake miaka mitano. Ile dawa ni nzuri ikitolewa na mtu anayekupima, ila kwa baadhi ya watu inapandisha presha ya jicho kimya kimya, na naona watoto wa shule kabisa, miaka 12, 13, mshipa umeharibika kwa sababu mama aliambiwa aleji haina dawa nyingine. Kwa hiyo kwenye swali hili sheria ya miaka 40 haipo, mtoto aliyetumia dexa kwa miezi anaenda kupimwa presha ya macho. Na wadada cream za kujichubua, mkorogo, nyingi zina steroidi kali na mnazipaka mpaka kwenye kope, hiyo nayo inahesabika.

Kingine, mtu akikuambia "presha yangu ilipimwa iko sawa" muulize ilipimwa wapi. Mashine ya mkononi haisemi chochote kuhusu jicho. Na hata ya jicho ikipimwa mara moja ikawa chini ya 21 bado haimsafishi, wako wagonjwa wengi wenye namba nzuri na mshipa unakufa. Anayekuangalia lazima auone mshipa wenyewe nyuma ya jicho. Akikupulizia upepo jichoni kupima presha tu akakwambia nenda, mwambie bado hujaniangalia.

Wanja_Naks:
Hamjambo wadau, mimi niko Nakuru, ni community health promoter, yaani mhudumu wa afya wa jamii. Sisi hapa tushawahi kupima macho na simu, ile programu ya Peek ilijaribiwa huku kwetu, unaonyesha mtu herufi E imeelekea pande tofauti, yeye anaonyesha kwa kidole, simu inakupa jibu. Ni poa sana kwa miwani na kwa mtoto wa jicho. Lakini vile daktari amesema, ya glakoma inapita hapo bila wasiwasi juu mtu anaona E zote. Nimewahi kupima mzee akapata 6/6, yaani anaona kawaida, macho yote mawili, nikamwandikia sawa, na fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika eti ndugu yake alikuwa kipofu, ingawa alikuwa amekaa tu hapo kando kwa benchi akingoja.

Swali langu ni hili, mkishampata mtu, dawa anaimudu? Huku wengi wanaanza drops wanaacha, chupa ikiisha hawarudi juu hawaoni difference.

Neema_wa_Nyegezi:
Wanja umegusa penyewe. Dawa haikurudishii ulichopoteza, haikufanyi uone vizuri, wengine hata inawasha, na unaiweka kila siku maisha yako yote. Hakuna kitu kigumu kama kumeza gharama ya kitu ambacho hukioni kikifanya kazi. Mimi niliacha kuhesabu chupa, nimeweka kengele kwenye simu basi. Ile dawa yangu ya usiku kabla haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji, sasa mwenye friji kijijini ni nani?

MachoMawili_Moshi:
Wanja ni kweli kabisa, ndo maana kuna leza. Hapa kwetu Moshi, hospitali ya KCMC, ulifanyika utafiti ukatoka 2021, wagonjwa wa glakoma waligawanywa, nusu matone ya timolol mara mbili kwa siku, nusu leza ile inaitwa SLT, mwanga unaopigwa ndani ya jicho kushusha presha. Baada ya mwaka macho yaliyodhibitika kwa upande wa leza ni 61 katika 100, upande wa matone 31. Unafanyiwa dakika chache unaenda nyumbani, ikipungua nguvu inarudiwa. Haiko kila mahali na si kila jicho linafaa, na waliochelewa sana upasuaji bado upo. Ila Chifu ujue wapi pana leza kabla hujagawa rufaa, usimtume mtu mahali atakapopewa matone tu na hana pumzi ya kuyanunua. Na tukizungumzia pumzi, mwenye pumu aandikwe kwenye karatasi ya rufaa kabisa kwa herufi kubwa, timolol na pumu haviendi pamoja, inaweza kumbana kifua vibaya.

ChifuKilimani:
Wakuu nimekaa na yule mwenzetu wa takwimu, alinuna kidogo halafu akakubali. Fomu mpya hii hapa, naomba muikague. Kuna ndugu wa tumbo moja, mzazi au mtoto aliyepofuka au mwenye presha ya macho, na kama kapofuka sababu haijulikani tunaandika ndio. Umewahi kutumia moja ya dawa hizi (maboksi mezani) zaidi ya mwezi. Jicho limewahi kugongwa au kuumia. Unavaa miwani ya kuonea mbali yenye lenzi nene. Una miaka 40+ na hakuna mtaalamu aliyewahi kuangalia ndani ya jicho lako, miwani ya machinga haihesabiki. Hakuna pointi tena. Ndio ya swali la kwanza mpaka la nne unapelekwa na usafiri wetu, tumekubaliana na kliniki moja mjini watatupokea watu 20 kila Jumamosi. Ndio ya swali la tano peke yake unapewa karatasi uende mwenyewe ukipata nafasi. Neno salama tumelifuta, chini tumeandika "fomu hii haijaangalia jicho lako".

Na kabla ya siku yenyewe tunaanza na ndugu za mwenzetu. Wako saba.

Takwimu_Tu:
Hapo sawa. Weka na sehemu ya namba ya simu na nani anampigia kama hajafika kliniki, la sivyo hamtajua kama mlipeleka watu au mlipeleka karatasi.

MachoMawili_Moshi:
Swali la tano litawabeba karibu kijiji kizima lakini mmeliweka pazuri kwenye foleni ya pili, sina neno. Ongezeni tu moja, jicho moja moja. Mtu afunike la kushoto kwa kiganja aangalie, halafu la kulia. Si kipimo cha glakoma, ila kila tukifanya hivo anatokea mtu ambaye jicho moja lilishazima zamani na ndo anagundua pale pale mbele za watu, kwa hiyo wekeni pazia na mtu wa kukaa naye.

Halafu Jumamosi wakifika kliniki wataongezewa mboni kwa matone ili mshipa uonekane, masaa kadhaa wanaona ukungu na jua linawachoma. Msiwaruhusu waje kwa pikipiki zao.

ChifuKilimani:
Nusu yao ni bodaboda mkuu. Basi nikodi hiace ya kwenda na kurudi, nimeandika.